Mstari Nilioufuta

Karatasi ya themanini na saba ndiyo iliyonisimamisha.

Nilikuwa nimezitandaza zote mia na ishirini kwenye meza ndefu ya chumba cha mikutano, safu kwa safu, kama mtu anayeanika nafaka. Chuo kimoja cha uuguzi, kati ya vile tulivyovitengenezea mitihani ya kompyuta, kilikuwa kimekaa wiki nzima bila mtandao, kikaomba mtihani wake uletwe kwa karatasi, nami ndiye niliyeambiwa nizichapishe na kuzikagua. Kila karatasi ilikuwa na grafu yake: jinsi dawa inavyopanda katika damu ya mgonjwa, inavyofika kileleni, inavyoshuka. Hakukuwa na grafu mbili zilizofanana. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya programu yetu, kumchorea kila mwanafunzi grafu yake peke yake, asipate cha kuchungulia kwa jirani. Jua la saa nne asubuhi lilikuwa limefika katikati ya meza. Nilikuwa na peni nyekundu nyuma ya sikio na wimbo mdomoni.

Kwenye karatasi ya themanini na saba, mhimili uliosimama ulikuwa umeandikwa hivi, kutoka chini kwenda juu: 0, 3, 5, 8, 10.

Nilisoma mara mbili. Nikachukua rula nikapima. Vyumba, zile nafasi kati ya namba na namba, vilikuwa sawasawa, hakuna kilichomzidi mwenzake hata kwa unene wa unywele. Lakini namba zilikwenda tatu, halafu mbili, halafu tatu, halafu mbili, kama mtu anayechechemea.

Wimbo ukakatika. Niliweka rula chini kabla akili haijajua ni kwa nini, kwa sababu haikuwa mara yangu ya kwanza kukutana na kule kuchechemea. Grafu yenyewe sikuwa nimeiona. Nilikuwa nimesimuliwa. Kuna mtu alikuwa ameniandikia maneno hayohayo, zaidi ya miezi sita nyuma, na mimi nikamjibu.

*

Programu ile ya kuchora grafu sikuianzisha mimi, niliirithi. Aliyeiandika alikuwa mwalimu wa hesabu aliyeacha chaki uzeeni akajifunza kompyuta, na ofisi nzima ilimwita Mzee Rula, kwa kuwa hakutoka nyumbani bila rula ya mbao kwenye mfuko wa shati. Alikuwa akiiweka kwenye kioo cha kompyuta, anapima grafu aliyoichora mwenyewe, anatikisa kichwa, anarudi kwenye msimbo, yale maandishi yanayoiamuru kompyuta. Vijana walimcheka. Alikuwa akiwaambia, "Chekeni tu. Kompyuta haioni aibu, ndiyo maana lazima mtu aione kwa niaba yake."

Macho yalipoanza kumwishia, alinikabidhi kazi yake kwa muda wa wiki tatu. Alinifundisha kwanza habari ya mbegu. Mwanafunzi anapofungua swali, kompyuta humchagulia namba moja kwa bahati nasibu. Namba hiyo tuliiita mbegu, na kutoka kwake huota grafu nzima, mstari, mkunjo, vipimo na jibu lake. Mbegu ileile huota grafu ileile, leo na miaka kumi ijayo. Ukibadilisha mbegu, umebadilisha kila kitu.

"Kwa hiyo mtu akikulalamikia," aliniambia, "usifungue swali. Fungua mbegu yake. Ukifungua swali tu, utaona grafu yako wewe, si yake."

Niliitikia kwa kichwa, kama watu wanavyoitikia mambo yaliyo wazi.

Ndani ya msimbo wake alikuwa ameacha maelezo ya hapa na pale, kwa Kiswahili chake cha darasani. "Usiguse hapa kabla hujanywa maji." "Hapa nililala nikiwa nimekosea, nikaamka nimepatia." Na juu ya kifungu kimoja cha mistari kumi na mmoja, ambacho yeye alikiita mstari tu, aliandika maneno manne tu: "Mstari huu una sababu."

Miezi mitano baada ya yeye kuondoka, vyuo vililalamika kwamba kurasa zinachelewa kufunguka. Meneja wetu alikuja akakalia ukingo wa dawati langu, akisugua shingo. Hakuwa mtu mbaya, na ninataka hilo lieleweke mapema. Alikuwa kijana kuliko nusu yetu, na siku niliyoanza kazi alinibebea dawati mwenyewe mpaka ghorofa ya tatu kwa sababu mbebaji hakutokea. "Hizi grafu," alisema, "haziwezi kupunguzwa uzito?"

Nilitafuta palipokuwa pazito nikafika kwenye kile kifungu. Kilikuwa kinaandika namba za mhimili, kisha kinazikagua, kisha kinaziandika tena. Mara mbili, bila sababu niliyoweza kuiona. Nilisoma yale maneno manne nikacheka peke yangu. Mzee na rula yake, nilijisemea. Nikafuta.

Nilijaribu grafu thelathini. Zote zilitoka safi, tena haraka, kama zimesukumwa. Meneja alinipigia makofi mbele ya watu.

Sababu ya ule mstari nimeijua sasa kama ninavyojua jina langu. Mara chache, labda grafu moja kati ya arobaini, hatua ya mhimili hutoka mbili na nusu. Namba zinatakiwa ziwe 0, 2.5, 5, 7.5, 10. Kompyuta ikiachwa peke yake hupenda namba nzima, huzipandisha hizo nusu juu kimyakimya: mbili na nusu inakuwa tatu, saba na nusu inakuwa nane. Kifungu cha Mzee Rula kilikuwa kinaikamata mkono kila inapotaka kufanya hivyo. Mimi niliuondoa ule mkono.

*

Barua ilifika wiki ya sita. Niliitafuta siku ile ya karatasi, nimesimama, sikuthubutu kukaa.

"Kwa wahusika," iliandikwa. "Swali la saba la mtihani wangu lina grafu yenye namba 0, 3, 5, 8, 10 kwenye mstari uliosimama, lakini vyumba vyake viko sawa. Tatu, halafu mbili, halafu tatu, halafu mbili. Mimi nilikuwa fundi cherehani kabla ya kuja kusomea uuguzi, nimeshika futi miaka kumi na mmoja. Hakuna futi inayoruka hivi. Nimefeli kwa alama moja. Hili ni jaribio langu la tatu na la mwisho. Naomba muangalie."

Chini yake mfumo ulikuwa umejaza wenyewe, kwa herufi ndogo za kijivu, mbegu yake: 40718.

Na chini ya hapo kulikuwa na jibu langu. "Ndugu mwanafunzi, tumekagua swali husika na kuthibitisha kwamba grafu inafanya kazi ipasavyo. Tunakushauri usome grafu kwa makini."

Nilikumbuka siku niliyoliandika. Nilikuwa na barua ishirini na sita za kujibu kabla ya chakula cha mchana. Nilifungua swali la saba mara tano, na mara zote tano lilitoka zuri, kwa sababu nilikuwa naangalia grafu zangu mimi. Dakika mbili, pengine pungufu.

Sasa nikaandika 40718 na kubonyeza. Grafu ikaota polepole kutoka kushoto kwenda kulia, kama zinavyoota zote. 0, 3, 5, 8, 10. Ilikuwa hapo muda wote. Ingeweza kukaa hapo miaka ikinisubiri.

Kuurudisha ule mstari kulinichukua dakika nne.

*

"Umeshaurudisha?" aliuliza Meneja.

"Umerudi."

"Basi mengine tuyaache yalale." Alisema kwa sauti ya upole, sauti ya mtu anayemfunika mgonjwa shuka. "Mtihani umepita. Muhula umepita. Ukienda kuyafukua, utamsaidia nani?"

"Sijui ni wangapi."

"Ndiyo hivyo. Hujui."

Nilitoka ofisini mchana ule nikaenda kwa Mzee Rula. Alikuwa amekaa barazani kwenye kiti cha plastiki, redio imefunguliwa tumbo kwenye stuli mbele yake, anapapasa nyaya kwa vidole. Mkewe alinikaribisha, akaniletea maji, akasema, "Zungumza naye kwa sauti. Si kwamba hasikii, anajifanya."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umefuta ule mstari."

Mkewe alitutazama mmoja mmoja, akaingia ndani.

"Umejuaje?"

"Hakuna kingine cha kukuleta kwangu kwenye jua hili."

Nikamweleza yote, na barua ya fundi cherehani nikamsomea neno kwa neno. Alipoisikia ile "hakuna futi inayoruka hivi", aliweka waya chini, akafuta vidole kwenye suruali, kama mtu aliyeingia mahali pa heshima. Nilipomaliza, hasira zilinipanda, sijui zilitoka wapi, nikamuuliza: "Na wewe, kwa nini hukuandika sababu? Maneno manne tu, mzee! Ungeandika sababu, nisingefuta."

Nilitegemea anikemee. Aligeuza uso barabarani ambako hakuwa akiona kitu zaidi ya mwanga.

"Kiburi," alisema mwisho. "Nilidhani nitakuwepo, niulizwe."

Halafu akauliza, "Wangapi?"

"Sijahesabu."

"Kahesabu kwanza. Kulia kutakusubiri."

*

Nilihesabu kwa siku kumi. Mbegu zote zilikuwa zimehifadhiwa, kila jaribio la kila mwanafunzi katika miezi minane tangu nilipoufuta ule mstari, elfu sitini na zaidi. Niliandika programu ndogo ya kuziotesha upya moja baada ya nyingine na kunitengea zilizochechemea. Zilitoka elfu moja na mia tano arobaini na nane. Wengi wao haikuwadhuru. Walikosa swali moja wakafaulu mtihani. Lakini mtihani huu wa kupima dozi za dawa hauna huruma, maswali kumi, lazima upate tisa, na hivyo ndivyo inavyopasa kuwa, maana huko mbele kuna mgonjwa. Nikawatenga waliopata nane, na la tisa walilikosea kwenye grafu yangu.

Walikuwa mia mbili na kumi na wanne.

Orodha ilijaza karatasi tano. Nilikuwa naisoma nikiwa kwenye foleni ya benki, nikiwa nasubiri chai ichemke. Watu wale sikuwajua, lakini nilianza kujua mambo yao madogo: huyu alikaa kwenye swali lile dakika kumi na tisa; huyu alifungua, akafunga, akafungua tena; huyu alijibu baada ya sekunde nne, pengine alikuwa na haraka ya kuwahi kitu.

Niliandika barua ya kupeleka vyuoni, nikampelekea Mzee Rula, na nikamsomea kwa sauti. "Katika kipindi tajwa ilijitokeza hitilafu katika uchoraji wa grafu..."

"Ilijitokeza kutoka wapi?"

"Mzee?"

"Hitilafu haina miguu, mwanangu. Endelea."

"...ambapo sehemu ya msimbo iliondolewa..."

"Na nani?"

Mkewe alikuwa ameketi mlangoni anachambua mchele. Mkono wake ulisimama juu ya ungo.

"Na mimi," nilisema.

"Basi andika hivyo."

Nikaandika hivyo. Mimi ndiye niliyefuta. Mimi ndiye niliyelalamikiwa nikajibu bila kufungua mbegu. Ni sentensi fupi, lakini sijawahi kuandika kitu kikaniuma mkononi kama zile. Mzee aliniambia niongeze nyingine: kwamba aliyeiandika programu hiyo mwanzo hakueleza sababu ya mstari ule, na kwamba naye anaomba radhi. Nilitaka kukataa. Alisema, "Usininyime."

Meneja aliisoma barua mlango ukiwa umefungwa. Alipofika mwisho alirudi mwanzo.

"Mia mbili na kumi na wanne," alisema.

"Ndiyo."

"Na humu ndani tuko kumi na wanne. Nao wana watoto. Wana kodi za nyumba. Umewahesabu na hao?"

Hao sikuwa nimewahesabu. Nilimwambia tu kwamba Ijumaa nitaituma, akiitia sahihi au asipoitia. Siku tatu hakunisemesha. Ijumaa asubuhi alikuja kwenye dawati langu akiwa bado amebeba mkoba, akachukua barua, akaisaini juu ya jina langu kwa kuikandamizia kalamu karibu aitoboe.

"Asije mtu akasema sikujua," alisema, akaenda zake.

Vyuo sita vilipokea. Vinne vilitujibu kwa ukali vikabaki. Viwili viliondoka. Kufikia mwisho wa mwaka, wenzetu watano walikuwa wameagwa, mmoja wao yule dada aliyekuwa akiketi pembeni yangu na kuchora picha za masomo, tuliyemwita Msanii. Tulikuwa tukigawana chakula kila mchana kutoka bakuli moja. Nilimsaidia kufunga vitu vyake kwenye boksi: kikombe, kamusi, kiatu kimoja cha mvua ambacho mwenzake hatukuwahi kumjua. Mlangoni alinikumbatia kwa mkono mmoja.

"Ulifanya vizuri," alisema. "Lakini kwa muda usinitafute."

Sikumtafuta.

*

Vyuo vilisahihisha matokeo na kuwaandikia wote waliodhulumiwa. Yule fundi cherehani hakujibu. Nikaomba anwani yake kwa karani wa chuo, nikamweleza ninaitakia nini, akanipa.

Kilikuwa chumba kimoja kinachotazamana na kituo cha mafuta, milango miwili ya mbao, cherehani tatu, na sare za shule zimerundikwa mpaka dirishani. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu alikuwa ameinama juu ya meza, futi shingoni, chaki mkononi, anachora kola kwenye kitambaa cha buluu. Mwingine alikuwa kwenye cherehani ya pembeni. Nilisalimu, nikasema natoka wapi. Chaki ilisimama.

"Wewe ndiye uliyeniambia nisome kwa makini." Hakuwa anauliza.

"Ni mimi."

Yule wa pembeni aliacha kukanyaga. "Ndio huyu?"

"Ndio huyu. Endelea na kazi, wifi."

Hakunipa kiti, nami sikukitafuta. Nilisema niliyokuja kusema. Nilikuwa nimeyapanga njiani, lakini yalitoka vipandevipande. Yeye alisikiliza huku akiviringisha futi kidoleni na kuiviringua.

"Ulipofungua," alisema, "uliona nini?"

"Niliona grafu nyingine. Nzima."

"Hukufungua yangu."

"Sikufungua yako."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei na kukuta ndiyo ileile aliyoidhania.

"Unajua kilichonikata maini? Si kufeli. Watu wanafeli. Nilirudi hapa nikaanza kutoyaamini macho yangu. Nampima mtoto kiuno mara tatu, mara nne. Naandika, nafuta. Wifi yangu ananiuliza, we umepatwa na nini? Miaka kumi na mmoja nimeshika futi, na mashine imeniambia sijui kusoma namba. Nikaiamini."

"Aliharibu suruali tisa," alisema wifi yake bila kuinua uso. "Wiki moja."

"Wifi."

"Si kweli? Tisa."

Nilitoa kwenye mkoba grafu yake niliyoichapisha, 40718, namba zikiwa zimeondolewa pembeni, vyumba na mkunjo tu. Sijui nilitaka nini kwa kuileta. Nilihisi ni yake, nami nilikuwa nimekaa nayo mno. Aliiweka juu ya kitambaa cha buluu. Akaweka ukucha wa kidole gumba chini kabisa, kwenye sifuri, akapanda chumba kwa chumba.

"Juu kabisa ni kumi?"

"Kumi."

"Vyumba vinne." Ukucha ulisimama pale mkunjo unapofika kileleni. "Saba na nusu."

"Ndiyo. Ndilo jibu."

"Niliandika hivyo."

"Nini?"

"Mara ya kwanza. Nilihesabu vyumba kama hivi nikaandika saba na nusu. Halafu nikaona pembeni mmeandika nane. Nikasema, hawa ndio wasomi, wanajua walichofanya. Nikafuta."

Gari liliingia kituo cha mafuta, likajazwa, likaondoka. Nilitafuta neno, na kila nililolipata lilikuwa la kujisaidia mimi mwenyewe, kwa hiyo niliyaacha yote.

Aliikunja ile karatasi mara nne akaitia kwenye droo ya vifungo.

"Chuo kimesema nafasi yako ipo," nilisema.

"Barua nimeiona."

"Utarudi?"

"Hilo ni langu," alisema. Akachukua chaki. Nilipofika mlangoni aliongeza, mgongo ukiwa kwangu, "Nenda salama." Sijui kama ulikuwa msamaha. Nadhani yalikuwa malezi mema tu.

Alirudi. Nilikuja kuambiwa na karani yule, muhula mmoja baadaye, na miaka miwili baada ya hapo akaniambia kwamba amemaliza na yuko wodi ya watoto. Sijamwona tena. Wala sikuomba kumwona.

*

Ilibaki orodha. Kati ya wale mia mbili na kumi na wanne, sitini na mmoja hawakuwa wamejibu barua za vyuo. Hakuna aliyenituma kuwatafuta. Nilianza kuwapigia asubuhi, nusu saa kabla ya kazi, nikiwa na orodha, kalamu na kikombe cha chai kilichokuwa kikipoa kabla sijakikumbuka. Namba nyingi zilikuwa hazipatikani. Nyingine zilikuwa na wenyewe wapya. Kijana mmoja alicheka kwa dakika nzima akakata simu. Mwanamke mmoja alisema, "Dada, mimi sasa nina duka, nina mapacha, usiniletee mambo ya hesabu," kisha akapiga tena mchana akaomba nimweleze tena, taratibu.

Namba ya hamsini na nne aliipokea mwanamume mwenye sauti ya umri.

"Nani mwenzangu?"

Nilijitambulisha, nikamuulizia niliyekuwa namtafuta.

"Ni binti yangu. Hayupo huku, yuko mbali, amepata kazi kwenye nyumba ya watu. Kumpata ni Jumapili tu. Kuna nini?"

"Hakuna baya, mzee. Ni habari ya mtihani wake."

"Mtihani aliofeli."

"Ndiyo. Hakufeli."

Nilimweleza kadiri nilivyoweza bila kutumia maneno ya ofisini. Kwamba mchoro ulikuwa na kasoro. Kwamba kasoro niliitia mimi. Kwamba binti yake aliusoma mchoro kama ulivyoandikwa, na ulikuwa umeandikwa vibaya. Hakunikatiza. Nilisikia kuku mahali, na mtu akichota maji.

"Kwa hiyo alifaulu," alisema.

"Alifaulu, mzee. Tangu siku ile. Na nafasi yake ipo."

Nilimsikia akiwafukuza kuku.

"Mimi nilimgombeza," alisema. "Nilimwambia hakusoma. Alisema, baba nilisoma. Nikamwambia asinidanganye."

"Hakukudanganya."

"Hakunidanganya." Alilirudia kama anayelipima uzito. Kisha akasema, "Ngoja. Nataka niyaandike hayo maneno vizuri, nisije nikayakosea Jumapili. Ngoja nitafute kalamu."

Nilisikia kandambili zikienda, droo ikivutwa, ikasukumwa, nyingine ikavutwa. Nilimsikia akimuuliza mtu ndani ya nyumba, na mtu huyo akijibu kwa mbali. Wenzangu walikuwa wanaanza kuingia ofisini, wanavuta viti. Nilibaki na simu sikioni, macho nimefumba. Zikapita dakika tatu, labda nne.

Kandambili zikarudi. Kiti kikalia.

"Haya," alisema. "Sema sasa. Neno moja moja."